Dokta kaacha uozo ndani ya jino langu kwa makusudi, ni sawa?

Mwezi huu maswali ya meno yamekuja mengi na karibu yote yanazunguka kitu kimoja, uozo unaobaki chini ya jino lililozibwa na hizi gundi zinazosemwa zinaua bakteria. Nimechagua matano. La kwanza nimelijibu kwa urefu maana ndo limebeba mengine yote.

SWALI: Shikamoo dokta. Nina gego lilitoboka muda mrefu nikawa naahirisha tu, juzi nikajikaza nikaenda kuziba. Dokta aliyenihudumia kachimba kidogo, alafu akaniambia kwa mdomo wake kwamba chini kabisa karibu na neva kaacha sehemu laini iliyooza, kaiacha makusudi, kapaka kitu anaita gundi ya kuua bakteria, kamulika taa ya bluu, kaziba. Nikamuuliza sasa mbona hujamaliza kazi, akasema siku hizi ndo inavyotakiwa. Toka siku hiyo silali vizuri, jino haliumi ila kichwani naona kama kuna wadudu wamefungiwa mle ndani wanaendelea kula. Mi nilikua najua uozo unatolewa wote. Nirudi nikamwambie afungue amalizie?

JIBU: Marahaba. Usirudi kulifungua. Najua ni rahisi mi kusema hivo na we ndo unalala nalo mdomoni, kwa hiyo ngoja nikueleze taratibu mle ndani kuna nini.

Hao unaowaita wadudu ni bakteria, na hawali jino. Wanakula sukari na wanga wa chakula chetu, wakishakula wanatoa asidi, na asidi ndo inayeyusha madini ya jino. Ganda la nje, enameli, linaanza kuyeyuka pH (kipimo cha asidi, kadri inavyoshuka ndo asidi inavyozidi) ikishuka mpaka kama 5.5 hivi, na dentini iliyo chini yake ni dhaifu zaidi, yenyewe inaanza mapema, pH ikiwa bado juu ya 6. Sasa bakteria aliyefungiwa mahali ambapo sukari haifiki hana cha kugeuza kuwa asidi. Anaweza asife leo wala kesho lakini kazi yake imesimama, na wengi wao wanapungua wenyewe kwa njaa.

Alafu huo uozo wenyewe sio kitu kimoja. Juu kuna tabaka laini, lina unyevunyevu, bakteria wamejaa na nyuzi za kolajeni zinazoshikilia dentini zimeshaharibika, hilo haliponi. Chini yake kuna dentini iliyopoteza madini, imelainika kiasi na mara nyingi ina rangi ya kahawia, lakini nyuzi zake bado zimesimama na bakteria ni wachache, hii ikifungwa vizuri na neva ikiwa hai inaweza kurudishiwa madini ikakaza tena. Takao Fusayama na wenzake kule Japani ndo walioitenganisha vizuri hii habari ya tabaka mbili, miaka ya 1970. Kwa hiyo rangi peke yake haituambii kitu, kahawia ngumu naiacha bila wasiwasi wowote.

Tatizo linakuja tundu likiwa refu kama lako. Ukisema uchimbe mpaka ufike pagumu kabisa kila upande, kuna uwezekano mkubwa utaitoboa neva, na neva iliyotobolewa kwenye uozo ni mara nyingi inaishia kufa, hapo unaingia kwenye kusafisha mizizi au kung'oa. Ubishi huu ni wa zamani sana. John Tomes wa Uingereza aliandika mwaka 1859 kwamba ni heri kuacha dentini iliyobadilika rangi ikailinda neva kuliko kuhatarisha jino zima. Akaja G. V. Black wa Marekani mwaka 1908 akasema kinyume chake, heri neva ifunuke kuliko kuacha dentini laini juu yake. Black ndo akashinda madarasani, vizazi na vizazi vya madaktari wakasoma hivo, hata mi nilifundishwa kukwangua mpaka nisikie chombo kinalia kwenye dentini ngumu. Nikikumbuka meno mangapi niliyafungua neva kwa kufuata hiyo sheria moyo unaniuma kwa kweli, maana mengine yangekua hai mpaka leo.

Kilichobadilisha mambo ni watu kufuatilia wagonjwa kwa miaka mingi. Marekani timu ya Mertz-Fairhurst walichukua meno yaliyotoboka kabisa, wakasafisha kingo tu, uozo wa ndani wakauacha ulivyo, wakaziba na kompositi (kile kizibo cha rangi ya jino), wakaja kuripoti mwaka 1998 baada ya miaka 10 kwamba uozo uliofungiwa vizuri haukuendelea. Mwaka 2016 wataalamu wa nchi mbalimbali wakakaa wakakubaliana kwa maandishi, tundu likifika robo au theluthi ya mwisho ya dentini kuelekea kwenye neva, na jino liko hai halina dalili za neva kufa, sehemu ya juu ya neva iachwe hata kama ni laini, ila kingo zote zinazunguka zisafishwe mpaka pagumu. Kwa hiyo dokta wako hajakudanganya wala hajawa mvivu. Na kakuambia ukweli kabla hujauliza, wengi wanaacha na hawasemi.

Sasa hapo kwenye kingo ndo pana roho ya kazi yote, na ndo nataka uhamishie wasiwasi wako hapo badala ya chini. Ukingo wa enameli na dentini ngumu kuzunguka tundu, upana wa kama milimita 2, ndo unaoshika kizibo. Ukiwa safi na mkavu wakati wa kupaka gundi, mle ndani panabaki gerezani. Ukiwa na uozo, au mate yakiingia kabla taa haijamulikwa, kuna siku patafunguka mlango hata kama ni mwembamba kuliko unywele, sukari itaingia, na wale waliokuwa wanakufa njaa watapata chakula tena, hakuna gundi ya kuua bakteria itakayoshinda hiyo hali.

Hiyo gundi basi ina kazi gani? Inapakwa mwanzoni ikiwa bado majimaji, inapenya kwenye vishimo vidogo vya dentini na kuua sehemu ya bakteria waliobaki, kisha inagandishwa na taa inakua sehemu ya jino. Ni msaada wa kweli na mi nafurahi ukipakwa, lakini ni msaada tu. Jino likizibwa vizuri bila hiyo gundi litakaa, likizibwa vibaya nayo halitakaa.

We lala. Rudi kwa dokta yule yule baada ya miezi 6 aangalie kingo na apime kama neva bado iko hai, na muombe akuandikie kwenye kadi yako kwamba kaacha dentini laini juu ya neva jino namba fulani, hiyo karatasi itakusaidia siku moja, utaona kwenye swali la nne.

SWALI: Dokta habari, mi ni mwanafunzi wa udaktari wa meno mwaka wa nne. Tunasikia tu gundi za antibakteria lakini sielewi, dawa ikikaa kwenye gundi si itakuja kuisha? Na tofauti yake na kupaka kloheksidini kabla ya gundi ya kawaida ni nini, maana naona wengine wanafanya hivo na wengine wanasema ni kupoteza muda.

JIBU: Nzuri mdogo wangu, na umeuliza swali ambalo ndo lilimsumbua Satoshi Imazato wa Chuo Kikuu cha Osaka. Zamani watu walikua wanachanganya dawa kwenye resini (ile plastiki inayounda gundi na vizibo) ili ivuje kidogo kidogo, ikawa inavuja nyingi siku za mwanzo, baadae inaisha, na pale ilipotoka panabaki matundu yanayodhoofisha resini. Yeye na wenzake wakaja mwaka 1994 na molekuli inaitwa MDPB. Jina lake refu linatisha lakini wazo lake ni jepesi. Upande mmoja ina kichwa cha piridinia chenye chaji chanya, ndugu yake ni ile setilpiridini iliyopo kwenye baadhi ya dawa za kusukutua mdomo, upande wa pili ina mkono wa methakrilati ule ule uliopo kwenye resini zetu zote. Bakteria ngozi yake ina chaji hasi, kichwa kikimgusa kinamng'ang'ania na kuvuruga utando wake mpaka anapasuka. Ukimulika taa ule mkono unajifunga na resini, dawa inakua imeshonewa ukutani. Haivuji, kwa hiyo haiishi.

Lakini angalia, hapo kuna vipindi viwili na wanafunzi wengi wanavichanganya. Kabla ya taa, molekuli ziko huru kwenye praima (majimaji yanayotangulia kupakwa kabla ya gundi yenyewe), zinaogelea na zinaua kwa nguvu, kwenye Clearfil Protect Bond ya Kuraray, ambayo ndo ya kwanza ya aina hii kuingia sokoni, MDPB iko asilimia 5 ya praima. Baada ya taa zimefungwa, sasa bakteria lazima aje aguse mwenyewe, na hapo nguvu inashuka sana, inakua zaidi kumzuia asizaliane kuliko kumuua. Pia protini za mate zikitanda juu au mizoga ya bakteria ikifunika, kichwa hakigusi tena mtu. Kwa hiyo faida kubwa ipo dakika ile ya kupaka, ndo maana ukiharakisha praima ukaikausha kabla ya muda ulioandikwa na mtengenezaji umeitupa faida yote, na nimeona watu wazima wanafanya hivo kila siku.

Kuhusu kupenya, kumbuka dentini ina mirija kama 20,000 kwa kila milimita ya mraba karibu na enameli na inafika 45,000 au zaidi karibu na neva, na upana wake ni kati ya chini ya maikroni 1 (sehemu moja ya elfu ya milimita) mpaka kama 2.5. Bakteria wa uozo anaingia humo vizuri tu, kwa hiyo hata ukichimba mpaka pagumu usijidanganye kwamba umeacha patupu. Yule anayesema yeye anatoa bakteria wote hajawahi kuiangalia dentini kwenye darubini.

Kloheksidini, ile dawa ya maji ya kuua bakteria, ni habari nyingine. Asilimia 2, unapaka sekunde 30 mpaka 60 unakausha bila kusuuza. Inaua bakteria ndio, lakini wengi wetu tunaipendea kitu kingine kabisa. Ndani ya dentini kuna vimeng'enya, MMP na kathepsini, vimelala humo toka jino linatengenezwa, asidi ya kuandalia jino inaviamsha, vinaanza kutafuna nyuzi za kolajeni ambazo resini haikuzifunika vizuri, na gundi inalegea polepole miaka inavyopita. Kloheksidini inavizuia. Haijajifunga popote kwa hiyo na yenyewe baadae inaondoka na maji, inachelewesha tu. Kupoteza muda sio, lakini usiitegemee ikufichie kazi mbovu.

Na ukienda kuandika proposo yako ya utafiti sema ukweli huu, ushahidi mwingi wa gundi hizi umetoka maabara. Kwenye midomo ya watu, miaka mingi, bado ni mchache. Mi nazitumia kwenye matundu marefu kwa sababu hazipunguzi kitu na zinaweza kuongeza, ila simwambii mgonjwa kwamba ni muujiza. Ukitaka kitu kilichokaa uwanjani muda mrefu soma glasi ayonoma, saruji ya kuzibia meno waliyoitangaza Wilson na Kent mwaka 1972. Inashika kwenye jino kwa kemia yake yenyewe, inatoa floridi, na ikipigwa mswaki kwa dawa yenye floridi inajichaji upya. Ndo iliyowezesha ile njia ya ART, kukwangua kwa mkono bila mashine na kuziba, iliyoanzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980 na Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa dunia nzima mwaka 1994. Nenda kaisome kwa bidii, ni urithi ambao tunausahau.

SWALI: Dokta naomba msaada wako, mwanangu ana miaka 4 meno ya mbele juu yameoza, akiona tu kile kiti analia mpaka anatapika. Kuna dokta kasema atampaka dawa ya maji bila kuchimba ila meno yatakua meusi. Mume wangu kakataa, anasema mtoto wa kike atachekwa. Hiyo dawa ina madhara?

JIBU: Pole sana dada yangu, na mpe pole huyo mtoto, kilio hicho sio deko ni hofu ya kweli. Dawa hiyo ni floridi ya fedha, ya asilimia 38. Fedha iliyomo inaua bakteria, floridi iliyomo (ni nyingi, ppm 44,800, yaani sehemu 44,800 kwa kila milioni, dawa ya mswaki ya kawaida ina 1,000 mpaka 1,500) inakaza dentini. Inapakwa tone dogo sana kwa kibrashi, hakuna sindano, hakuna mashine. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021.

Weusi ni kweli na hautoki, ila unashika sehemu iliyooza tu, enameli nzima haibadiliki. Ikigusa ngozi inaacha doa linaloondoka lenyewe baada ya siku kadhaa. Isipakwe kama mtoto ana mzio wa madini ya fedha, au jino limeshavimba usaha au linamuamsha usiku, hapo lina shida nyingine. Inatakiwa kurudiwa, mara nyingi kila baada ya miezi 6. Baadae akikua na kutulia, juu yake anaweza kupakwa glasi ayonoma na weusi ukafichika kiasi kikubwa.

Baba mtoto mwambie hivi kwa upole, meno hayo tayari yana rangi ya kahawia, na njia nyingine iliyobaki kwa mtoto anayelia hivo ni kumlaza kwa dawa ya usingizi au kusubiri mpaka yaume. Meno meusi yasiyouma na mtoto asiyeogopa daktari, au meno ya kahawia yanayouma na mtoto atakayeogopa daktari maisha yake yote. Mi ningekua ndo mzazi nisingefikiria mara mbili.

SWALI: Nilizibwa jino miaka 2 iliyopita, haliumi wala nini. Nimehamia kwa dokta mwingine kapiga eksirei kasema chini ya kizibo kuna kivuli cheusi, ni uozo, lazima litolewe lote lianze upya. Niamini?

JIBU: Kwanza mpigie simu au mfuate dokta wa zamani umuulize, uliniachia dentini laini makusudi? Dentini iliyopoteza madini inaonekana nyeusi kwenye eksirei, na haiwezi kuandika pale pembeni kama mimi ni ya zamani niliyefungiwa au ni mpya ninayeendelea. Hata tabaka nene la gundi yenyewe linaweza kutoa mstari mweusi chini ya kizibo, maana sio gundi zote zina madini ya kuonekana kwenye picha. Kwa hiyo eksirei moja haitoshi kuhukumu. Kinachohukumu ni picha mbili za nyakati tofauti zikilinganishwa, kivuli kimekua au kiko vile vile, na kingo, je chombo kinazama? Kuna ufa? Kuna ulaini ukingoni? Kama kingo ni nzima, neva inajibu ukipima na baridi, na kivuli hakijakua, mwambie kwa heshima kwamba unapendelea kungoja na kupiga picha nyingine baada ya mwaka. Kama ukingo umefunguka basi ana haki, ingawa hata hapo mara nyingi inatosha kukarabati sehemu iliyofunguka sio kung'oa kizibo chote, kila kizibo kikitolewa tundu linaongezeka na jino linapungua.

SWALI: Dokta mi nimezibwa siku 5 zilizopita, wakasema wameweka gundi ya kisasa ya kuua vijidudu, sasa nikinywa maji baridi jino linashtuka balaa. Je gundi imenidhuru neva?

JIBU: Likishtuka ukanywa baridi, likatulia ndani ya sekunde chache ukimeza, ni neva iliyokasirika tu na mara nyingi inapoa yenyewe ndani ya wiki mbili tatu. Kompositi ikiganda inanywea kidogo, asilimia 2 au 3 hivi, inavuta kuta za jino, na kuchimba kwenyewe kumeisumbua neva. Pia angalia kama ukiuma meno hilo linagusa kwanza kabla ya wenzake, kama ndio rudi wakusawazishe kizibo kimezidi juu, hiyo ni kazi ya dakika 5 na maumivu yanakata siku hiyo hiyo.

Lakini kama baridi au moto ukishaondoka maumivu yanaendelea dakika nzima au zaidi, au yanakuja yenyewe bila kuguswa, au yanakuamsha usiku, hiyo ni neva inayokufa na hakuna gundi duniani inayoirudisha. Usimeze vidonge ukisubiri itulie, maana itatulia kweli siku neva ikifa, utafurahi wiki kadhaa, kisha usaha utaanzia chini kwenye mzizi. Ukiona dalili hizo rudi kesho, usingoje tarehe uliyopewa.